Mwalimu Hebu na Kusoma Mara ya Pili

Ndugu wafiwa, majirani, walimu, na ninyi mliopita mikononi mwake mkiwa na kaptula na sketi za shule na leo mmekuja na watoto wenu, naomba utulivu kidogo. Mimi ni mdogo wake marehemu, kitinda mimba wa nyumba yetu, fundi wa makochi, na nasimama hapa kwa niaba ya familia, si kwa sababu najua sana kuandika, bali kwa sababu yeye mwenyewe alinichagua akiwa kitandani hospitalini, akasema, "Utasoma wewe, maana wenzako watalia wasisikike, na wewe hata ukilia sauti yako ni ileile ya kukoroma." Kisha akanipa sharti. "Usiwaambie nilikuwa mpole na kila mtu alinipenda. Kila maiti ni mpole. Waambie nilivyokuwa." Kwa hiyo nimejitahidi, na pale nitakapokosea mtanisamehe, kwa kuwa yeye asingenisamehe.

Dada yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, akiwa mtoto wa pili kati ya watano wa marehemu baba yetu, aliyekuwa mpaka rangi wa majengo, na marehemu mama yetu, aliyekuwa dobi wa mashuka ya hospitali, katika nyumba ya vyumba viwili iliyokuwa nyuma ya kituo cha zimamoto, ambako sisi sote tulijifunza kulala usingizi mzito kwa sababu ya king'ora. Baba alikuwa akirudi na magazeti ya zamani ya kutandika sakafuni asiwamwagie watu rangi, na siku za likizo alipomchukua dada kumsaidia kubeba makopo, ilibidi amwondoe juu ya magazeti hayo kama mtu anayefukuza kuku kwenye mpunga, maana alikuwa akitambaa ukurasa hadi ukurasa, akisoma habari za miaka iliyopita, na baba akimhamishia karatasi kabla hajafika mwisho alinuna hadi jioni.

Alianza shule ya msingi Januari 1968 na kumaliza mwaka 1974, akaendelea na sekondari kuanzia 1975 hadi 1978, na baada ya kukaa nyumbani mwaka mmoja akimsaidia mama kukunja mashuka, akajiunga na chuo cha ualimu mwaka 1980, akahitimu Novemba 1982. Alikuwa mwanafunzi hodari lakini hakuwa mtulivu, na ripoti zake, ambazo mama alizisoma kwa sauti mbele ya wageni, zilikuwa na sentensi moja ambayo mama aliiruka kila mara, kwamba mtoto huyu ana akili ila anajibu.

Tarehe 10 Januari 1983 aliripoti kazini katika shule ile ya mabati mekundu jirani na karakana ya magari, akapewa darasa la tano, somo la kusoma na ufahamu, na miaka miwili ya mwanzo alifundisha kama sisi sote tulivyofundishwa, yaani mmoja anasoma kwa sauti, wengine wanafuata kwa kidole, halafu maswali matano mwisho wa ukurasa, na jibu ni lile lililomo kitabuni. Mwaka 1985 alikuwapo darasani mwake msichana mmoja, mtoto wa muuza mkaa, ambaye wenzake walimwita Kidole kwa vile mkono wake haukukaa chini. Siku moja walisoma habari ya mfanyabiashara mwema aliyegawa mali yake yote kwa maskini, akabaki na kanzu aliyovaa, na kitabu kikauliza, mfanyabiashara huyu alikuwa mtu wa namna gani. Kidole akanyoosha mkono, akasema, "Mwalimu, na watoto wake siku hiyo walikula nini?" Darasa likaangua kicheko, na dada, kama alivyonisimulia mwenyewe mara nyingi, akaona anachezewa, akamjibu, "Jibu swali la kitabu. Kaa chini." Kidole akakaa, na mkono ule haukupanda tena, si siku hiyo wala wiki zilizofuata.

Dada alikaa na jambo hilo moyoni kama mwiba wa samaki kooni, na Jumamosi moja akafanya kitu ambacho walimu wenzake walimcheka, akamfuata mtoto kwao. Mama wa mtoto alipomwona mwalimu mlangoni alijua kuna shari, akasema upesi, "Hayupo, ameenda kwa shangazi yake," na huku chini ya pazia la chumbani miguu miwili inaonekana wazi. Dada hakubishana, ila aligeukia lile pazia, akasema, "Basi akirudi kwa shangazi mwambie swali lake lilikuwa zuri kuliko la kitabu, na mwalimu wake anaomba radhi." Alisema aliona vidole vya ile miguu vikikunjana. Jumatatu alimwomba Kidole aulize tena swali lake mbele ya darasa, akauliza kwa sauti ndogo, na kipindi kizima kikaishia hapo, wengine wakisema yule tajiri alimwonea mkewe, wengine wakisema watoto nao walikuwa maskini kuanzia saa ile hivyo wapewe fungu lao, na mmoja akauliza nani aliyeandika hadithi hii, na kama alikuwa tajiri au maskini. Dada aliniambia siku hiyo alirudi nyumbani miguu haigusi chini.

Hapo ndipo lilipotoka jina la Mwalimu Hebu, kwani tangu siku hiyo kila habari ilisomwa mara mbili, na ya kwanza ikiisha alifunga kitabu akasema, "Hebu turudi." Mara ya kwanza, alisema, tunamsikiliza mwandishi, kwa adabu, mpaka amalize, kwa sababu huwezi kubishana na mtu ambaye hujamsikia. Mara ya pili tunamwuliza: anaongea na nani, anataka tufanye nini, amejuaje hayo anayoyasema, na ni nani aliyekuwapo lakini hakupewa nafasi ya kusema. Aliwaletea darasani karatasi za dawa ya mswaki, matangazo ya mazishi, kalenda za benki, barua za wasomaji, na vitabu vyenyewe vya kiada, na vyote vilihojiwa sawasawa. Lakini asidhani mtu kwamba aliwafundisha dharau. Kulikuwa na kijana mmoja mjanjamjanja aliyegundua kwamba akisema "mwandishi anatudanganya" kila siku hatasumbuka kusoma, na dada akamwambia mbele ya wote, "Anayekataa kila kitu ni mvivu sawa na anayekubali kila kitu. Nionyeshe mstari." Hiyo nionyeshe mstari wengi wenu mnaijua, na najua wengine mliichukia, maana alikuwa mkali, chaki ilikuwa ikiruka, na mwanafunzi aliyejibu bila kusoma aliaibishwa hadi masikio yakawaka moto. Hayo nayo aliniagiza niyaseme.

Mwezi wa Agosti 2004 lilibandikwa kwenye ubao wa shule tangazo kwamba nusu ya uwanja wa kuchezea itatolewa kwa mwenye karakana ajenge ghala, na kwamba wazazi wote wameridhia. Watoto wa darasa la saba walilisoma wakati wa mapumziko, wakalisoma tena, wakaingia darasani wakauliza, "Mwalimu, wazazi wote ni wazazi wa nani?" Dada hakuwaambia jibu, kwa sababu hakulijua, aliwaambia waulize nyumbani. Kesho yake hakupatikana mtoto hata mmoja ambaye mzazi wake aliulizwa, na keshokutwa yake wazazi wenyewe walifika, wengine na aproni za kazini, wakajaa uani. Mwalimu mkuu wa wakati huo alimwita dada ofisini, akamwambia amefundisha watoto kubishana na wakubwa. Dada akasema, "Nimewafundisha kusoma, mwalimu mkuu. Tangazo umelibandika wewe."

Jibu hilo lilimtoa darasani. Septemba mwaka huo alihamishiwa stoo, kugawa chaki, mifagio na vitabu, na jambo lililomuuma zaidi ni kwamba baadhi ya wazazi walewale waliunga mkono ahamishwe, akiwamo jirani yetu mmoja, ambaye namwona hapa na ni rafiki yangu, aliyelalamika kikaoni kwamba siku hizi akimwambia mwanawe wanakwenda kumsalimia bibi, mtoto anauliza sababu ya kweli ni ipi. Tulicheka baadaye, ila wakati ule hakucheka mtu. Na uwanja ulikwenda. Ghala lile lipo hadi leo, mkitoka hapa mtalipita, na watoto wanacheza kwenye kipande kilichobaki.

Siku msingi wa ghala ulipoanza kuchimbwa, dada alikuja kwenye karakana yangu, akakaa juu ya kochi ambalo nilikuwa sijalivika kitambaa, springi zinamchoma na hajali, akalia. Akaniambia, "Labda nimewaonea wale watoto. Nimewapa maswali, wameuliza vizuri kabisa, na haikusaidia kitu." Nilimpa kipande cha velveti ajifute uso, na akajifuta, na akaangalia ile velveti akasema nimetapeliwa, si velveti ya kweli. Nikajua atapona. Huko stoo alikaa hadi Januari 2007, na mtoto aliyetumwa chaki alirudi darasani amechelewa, kwa sababu aliulizwa boksi limeandikwa nini, na "isiyo na vumbi" maana yake nini, na mbona mikono ya mwalimu wako ni myeupe. Alirudishwa darasani alipokuja mwalimu mkuu mwingine, akafundisha hadi alipostaafu tarehe 14 Machi 2021, na hakuna aliyemwomba radhi, nami sitasema walimwomba.

Kwa upande wa ndoa, marehemu alifunga ndoa tarehe 20 Desemba 1986 na shemeji yetu huyu aliyeketi hapa mbele, mpiga chapa, ambaye mashine yake inasikika mtaa mzima ikiguna kama mzee anayepanda ngazi. Walikutana kwa ugomvi, dada alipomrudishia vyeti vya shule vyenye kosa, akakataa kuondoka mpaka virudiwe, akakaa kwenye kiti cha mteja hadi shemeji akaona afadhali arudie kuliko kutazamwa. Tangu hapo karibu kila kilichotoka kwenye mashine ile, kadi za arusi, mabango, risiti, kilisomwa na dada kabla ya wino. Wakati mmoja waligombana kwa tangazo la sabuni bora kuliko zote, dada akiuliza, "Umezijaribu zote?" na shemeji akijibu, "Mimi napiga chapa, mke wangu, siapi." Ndugu zangu, karatasi ya ratiba mliyoishika mikononi aliichapa yeye mwenyewe jana asubuhi, na mkiangalia pale palipoandikwa mke mpendwa mtaona herufi moja imeanguka, imesomeka mpedwa. Aliliona kosa baada ya kuchapa zote. Tulimwambia arudie, akakataa, akasema, "Acha. Waone msomaji wangu hayupo."

Mungu aliwajalia watoto watatu. Wa kwanza ni binti yetu aliyezaliwa 1988, ambaye ni keshia na mama wa watoto wawili, na wa mwisho ni kijana wetu aliyezaliwa 1994, dereva wa malori ya safari ndefu, aliyefika alfajiri ya leo akiwa bado na vumbi la njia. Katikati yao alizaliwa mtoto wa kiume mwaka 1991, akafariki kwa homa akiwa na miezi saba. Dada hakuwa mtu wa kulizungumza hilo. Lakini katika kitabu cha darasa la tano palikuwa na ukurasa wenye picha ya mama anamwogesha mtoto, na mwalimu mwenzake wa chumba cha jirani ametuambia juzi kwamba kila mwaka wakifika ukurasa huo dada alimpa mwanafunzi asome, yeye akaenda kusimama dirishani, na ukurasa huo peke yake haukusomwa mara ya pili.

Ugonjwa wake ulianza tarehe 9 Juni 2023. Aliamka akiwa mzima kabisa, akachukua gazeti kama kawaida, akalishika muda mrefu, akamwuliza mumewe, "Nani kaleta gazeti la kigeni?" Shemeji akalitazama, gazeti ni letu lilelile. Hospitalini waligundua ni kiharusi, na daktari akatueleza kwa subira kwamba macho yake ni mazima, kuongea anaongea, hata kuandika anaweza, ila ile sehemu ya ubongo inayotambua herufi imeumia. Hatukuelewa mpaka alipoomba kalamu. Aliandika jina lake, kwa mwandiko wake uleule wa ubaoni, mzuri kuliko wa yeyote kati yetu, kisha akakitazama alichokiandika kama mtu anayetazama picha ya mgeni, akauliza, "Nimeandika nini?" Binti yake akamsomea. Akaikunja ile karatasi ndogondogo, akaificha chini ya mto.

Nimewahi kumwona dada yangu amekasirika, nimewahi kumwona analia, lakini miezi ile nilimwona ameona haya, na hilo sikulizoea. Wageni wakija aliweka kitabu mapajani na kugeuza kurasa ili wasijue. Siku moja mjukuu wake wa miaka saba akamwambia, "Bibi, kitabu umekishika kichwa chini," na sote tukaduwaa, tukijua moto utawaka, lakini yeye akacheka, akacheka mpaka akakohoa, akamkabidhi mtoto kitabu akasema, "Basi soma wewe." Tangu hapo aliacha kujificha. Mchana alisomewa na wajukuu, jioni na mumewe, na hapakuwa na habari iliyosomwa hadi mwisho bila kusimamishwa, hebu rudi hapo, huyo waziri alisema au wamesema alisema, na shemeji, ambaye kwa kawaida si msemaji, alitokwa jasho kama yuko kwenye mtihani.

Novemba 2024 alipata kiharusi cha pili, kikachukua mkono na mguu wa kulia, na daktari akatuambia tumtunze vizuri, maana yake tukaielewa. Ndipo binti yake, na amenipa ruhusa niyaseme haya, alipoleta chupa ya dawa aliyouziwa na mtu aliyekuwa akipita ofisini kwao. Dada akaiona mkononi mwake, akasema, "Nisomee." Binti akaanza kusoma karatasi ya kwenye chupa, kwamba ni dawa ya asili, kwamba huponya kiharusi, kisukari, macho na mgongo, na alipofika pale palipoandikwa magonjwa yote sauti ikamkatika, kwa sababu huyu alizaliwa na kulelewa katika nyumba hii, na maswali yote aliyajua. Dada akasema taratibu, "Endelea, mwanangu. Mpaka mwisho." Akaendelea mpaka mwisho, machozi yanadondoka kwenye karatasi. Sote tulingoja aulize. Hakuuliza. Alisema, "Mpigie daktari kwanza, umsomee na yeye." Daktari akasema kwa jinsi ilivyoandikwa ni maji ya sukari na rangi, haitamdhuru wala kumsaidia. Dada akafungua mdomo. "Nipe kijiko kimoja tu," akasema, "kesho usije ukakaa unajiuliza." Akanywa, akakunja uso, akasema angalau wangeongeza ndimu, na ile chupa haikuguswa tena.

Alifariki nyumbani jioni ya tarehe 17 Februari 2025, bila purukushani, shemeji akiwa kando yake anamsomea habari ndefu ya gazetini kuhusu ukarabati wa daraja. Anasema alishangaa kwamba amefika katikati na hajasimamishwa, akainua macho, akaona. Hakuita mtu. Alirudi kwenye gazeti, akasoma ile habari yote hadi nukta ya mwisho, kwa sauti, polepole, ndipo akalikunja na kuja kutugongea.

Kwa niaba ya familia, natoa shukrani za dhati kwa madaktari na wauguzi wa wodi ya wanawake, waliokubali kuulizwa kila kidonge ni cha nini na hawakuchoka kumjibu, kwa mtaalamu wa mazoezi aliyempandisha na kumshusha kitandani kama mama yake, kwa majirani mliopika, mliochota maji na mliokesha nasi, hata wewe jirani wa kwenda kwa bibi, kwa walimu mliofanya naye kazi na mwenye stoo wa sasa aliyetuletea viti hivi, kwa wafanyakazi wenzake binti yetu na madereva wenzake kijana wetu waliomfikisha kwa wakati, na kwa wanafunzi wake wote, ambao hatuwezi kuwataja mmoja mmoja. Kama kuna aliyesahaulika, si kwa dharau, ni kwa uchungu.

Dada yangu, nyumba yetu ilikuwa na watoto watano na sasa tumebaki wawili, na mimi sijui nitamwonyesha nani kitambaa kabla sijakinunua. Umefanya kazi yako na umechoka. Sisi tutaendelea kulia kidogo, kisha tutaamka twende kazini, kama ambavyo ungetufukuza twende. Lala salama, mtoto wa mama yetu, pumzika kwa amani.